Koni nyingi si mbegu nyingi: nilivyokosea kuchagua miti mama ya misindano

Mwezi wa kumi jua la Dodoma halina masihara. Nyuma ya nyumba yangu hapa Nzuguni nimetandaza maturubai mawili, juu yake koni za misindano, yale matunda magumu ya magamba yanayobeba mbegu, nilizoshuka nazo kutoka Mufindi, na tangu saa nne asubuhi zinalia ta, ta, ta, kama bisi zinazoanza kupasuka sufuriani. Mama wa jirani alichungulia juu ya ukuta. "Baba Neema, ndizo hizo unazozifuata mpaka huko? Zinaliwa?" Nikamwambia haziliwi mama, ni mbegu za miti. "Basi kuni nzuri hizo," akasema, akaendelea na nguo zake.

Wengi mnaonisoma mko kama mimi: kazi Dodoma, shamba Mufindi, Kilolo au Njombe, na likizo zote zinaishia kwenye barabara ya Mtera. Msindano wetu wa patula unataka baridi na ukungu, hauwezi mvua ya msimu mmoja kama ya hapa Dodoma. Ila kwa kufungua koni, hapa ndipo penyewe. Koni za patula zimezibwa kwa ulimbo, na kule juu zilikaa bandani wiki nzima zimenuna vilevile. Hapa jua linazimaliza kwa siku chache, na zile sugu nazichovya kwanza kwenye maji ya moto.

Sasa nije kwenye kosa langu. Tulipoamua mimi na wenzangu watatu kuanzisha kashamba ka mbegu, badala ya kununua miche tusiyojua asili yake, nilipewa kazi ya kuchagua miti mama ya kuchukulia vikonyo vya kubebesha, yaani vijitawi vya kuunganisha kwenye miche mingine. Nilipita shambani na daftari, nahesabu koni. Mti mmoja pembeni ya barabara ulinimaliza. Ulikuwa umesimama peke yake, matawi mpaka chini, koni zimebanana kama ndizi mkunguni. Nikaupiga rangi nyekundu, namba moja.

Mzee tuliyemchukua kukwea miti, mtu aliyechuma mbegu tangu ujana wake, aliutazama akanyamaza. Nikamuuliza, "Vipi mzee, huu si ndiyo wenyewe?" Akanijibu taratibu: "Mwanangu, hapo umehesabu na za marehemu."

Sikumwelewa mpaka aliponishushia tawi. Koni za patula zikikomaa hazidondoki, na nyingi hazifunguki. Zinang'ang'ania tawini miaka kadhaa, nyingine zinakaa kwenye shina lenyewe. Mimi nilikuwa nimehesabu akiba ya miaka minne, mitano, nikaiandika kama mshahara wa mwezi mmoja.

Tawi hilo ndilo lililonifundisha kusoma mti, na hapa nawaomba msome polepole. Anzeni ncha, mrudi nyuma kuelekea shina. Kwenye ncha kabisa kuna maua jike, madogo, yenye wekundu au zambarau, unayaona ukikaza macho. Nyuma yake kuna vikoni vya mwaka jana, vidogo bado, vigumu. Kisha koni za kijani zilizokwisha kujaa, halafu za kahawia zinazong'aa, ambazo ndizo za kuchuma. Ukifika penye tawi nene unakuta za kijivu, zimeota kuvu: hao ndio marehemu wa mzee. Kutoka ua kupata chavua mpaka koni kukomaa ni karibu miaka miwili, na mbegu yenyewe hairutubishwi mpaka mwaka mmoja hivi upite tangu chavua iingie. Kwa hiyo tawi moja linakuonyesha mavuno ya mwaka huu, ya mwakani na fununu ya mwaka unaofuata. Anayetaka kujua mti utazaa nini mwakani ahesabu vikoni, asihesabu koni. Na avihesabu tena baada ya miezi, maana ukame, wadudu na kukosa chavua hupukutisha vingi.

Maua jike hukaa zaidi juu ya kilele, dume chini. Mimi natumia darubini ya mkononi, nasimama jua likiwa mgongoni, umbali uleule kwa kila mti, nahesabu upande mmoja tu. Sipati idadi kamili, ila napata ulinganisho. Ahesabu mtu yuleyule mwaka hadi mwaka. Mwaka tuliogawana kazi na shemeji yangu, miti yake yote "ilizaa" mara mbili ya yangu.

Hesabu ya koni pekee bado ni nusu ya habari. Chukua koni kumi za mti, zipasue katikati kwa urefu kwa panga kali, hesabu mbegu zenye kiini cheupe upande uliokatwa. Kila gamba zima hubeba mbegu mbili tu, na magamba ya kitakoni na ya nchani hayana kitu, kwa hiyo kila koni ina kikomo chake. Namba moja wangu, yule wa barabarani, alipopasuliwa alikuwa maganda matupu. Mti uliosimama peke yake hujichavusha wenyewe, na watoto wa namna hiyo wengi hufia ndani ya mbegu. Bawa lipo, ganda lipo, ndani hewa.

Piga hesabu kabla ya kuota utajiri. Tuseme mti una koni 200 za mwaka huu, na kila moja inatoa mbegu nzima 30. Hizo ni mbegu 6,000. Kilo moja ya mbegu za patula ina zaidi ya mbegu 100,000, kwa hiyo mti huo haukupi hata gramu 60. Siku nilipoliandika hilo ubaoni, mwenzetu mmoja aliyekwisha kutafuta wateja wa kilo kumi alikaa kimya mpaka chai ikapoa.

Usichague kwa mwaka mmoja. Mimi sasa natazama misimu mitatu. Kuzaa kwa wingi kumo kwenye damu ya mti kwa kiasi kizuri: unaozaa sana mwaka huu mara nyingi ndio utakaozaa sana tena, na vikonyo vyake hurithi tabia hiyo. Ila mti wa pembezoni hupata mwanga kuliko wenzake, kwa hiyo ulinganishe na jirani zake wa pembezoni, si na waliobanwa katikati. Na koni zisikupofushe ukasahau shina. Miti yenye panda, yenye matawi manene, mara nyingi ndiyo yenye koni kibao, na anayepanda mbegu zake anapanda kuni.

Hapa tulibishana sana. Wenzangu walitaka tubakize wazaaji wakubwa tu. Nikakataa, bado nakataa. Kwenye shamba la mbegu ni kawaida miti michache kutoa sehemu kubwa ya mbegu zote, na ukiwatupa wengine unabaki na ukoo mmoja unaooana wenyewe kwa wenyewe. Mti mnyoofu unaozaa kidogo nauacha, nachuma koni zake zote na kuzichanganya kwa kipimo. Hata usipotoa koni, chavua yake inafanya kazi.

Namba moja tuliukata, mbao zake ndizo za banda la mzee. Kwenye daftari langu sasa kuna namba 14: shina kama mlingoti, koni za kahawia chache za kusikitisha. Mwezi wa tano niliuhesabia vikoni 61 upande wa mashariki. Jana mzee kanipigia simu, amerudia hesabu. Vimebaki 48.