Maswali na Majibu: Lini Tutumie "Had" Katika Kiingereza?

Wasomaji wameuliza kuhusu wakati uliopita timilifu wa Kiingereza, yaani ule unaoundwa kwa "had" pamoja na kitenzi kikuu, kama vile "had written" au "had gone".

Kwa nini mwalimu alinikosoa nilipoandika "I had visited my aunt yesterday", ilhali jambo lenyewe limekwisha kupita?

Limepita, lakini kupita peke yake hakutoshi. Wakati huu humtaka msemaji asimame kwanza kwenye tukio fulani la zamani, kisha ataje jambo jingine lililokuwa limetangulia tukio hilo. Sentensi yako ina tukio moja tu, kwa hiyo "I visited my aunt yesterday" inajitosheleza. Lakini ukisema "I had already visited my aunt when my mother called", simu ya mama inakuwa ndiyo kituo, na ziara ndiyo iliyotangulia. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine, na naamini linatokana na dhana kwamba "had" ni alama ya zamani za mbali. Umbali hauhusiki hata kidogo: tunasema "The war ended in 1945" bila "had", na bado tunasema "When I called, he had left a minute earlier", ingawa ni dakika moja tu.

Je, "When I arrived, she left" na "When I arrived, she had left" zina tofauti yoyote ya maana?

Tofauti ni kubwa, na Kiswahili kinaionyesha waziwazi: ya kwanza ni "nilipofika, aliondoka", na ya pili ni "nilipofika, alikuwa ameondoka". Katika ya kwanza huenda mlionana mlangoni. Katika ya pili hukumkuta. Kwa hiyo umbo la "alikuwa ame-" ni msaada mzuri kwa mwanafunzi, ila lisifuatwe kwa upofu, kwa sababu Kiswahili hulitumia pia kueleza hali ambayo mtu alikuwamo. "Alikuwa amevaa koti" ni "She was wearing a coat", wala si "She had worn a coat". Vivyo hivyo "alikuwa amesimama" huwa "She was standing", na "alikuwa amelala" huwa "She was asleep". Jiulize kama unataja tendo lililokwisha au hali iliyokuwa ikiendelea. "Had" ni ya lile tendo.

Je, ni lazima kutumia "had" panapokuwa na "before" au "after"?

Si lazima, maana maneno hayo yamekwisha kupanga matukio. "The train left before we reached the station" ni sahihi, na "The train had left before we reached the station" ni sahihi pia.

Nimeambiwa kwamba "If I would have known, I would have come" si sahihi. Kosa liko wapi?

Kiswahili husema "ningalijua, ningalikuja", kikirudia "-ngali-" pande zote mbili, na mwanafunzi hushawishika kurudia "would have" vivyo hivyo. Kiingereza sanifu huzitenganisha pande hizo: upande wa sharti huchukua "had", na upande wa matokeo huchukua "would have", yaani "If I had known, I would have come". Jihadhari pia na kifupisho "I'd", kwa kuwa huwakilisha "had" na "would" vilevile. Umbo la kitenzi kinachofuata ndilo litakalokuamulia, kwani "I'd known" ni "had" na "I'd know" ni "would".

Je, "had had" na "had went" zinakubalika?

"Had had" inakubalika kabisa: "She had had a fever for three days before she saw a doctor." "Had went" haikubaliki katika Kiingereza sanifu, kwa sababu "had" hufuatwa na umbo la tatu la kitenzi, ambalo kwa "go" ni "gone". Mkanganyiko huo huo huwapata wengi kwa "saw" na "seen", "wrote" na "written", "began" na "begun", na vitenzi hivi havina njia ya mkato. Ni vya kukaririwa kimoja kimoja.