Akaunti ikifungiwa, grupu la kikoba linaenda wapi?

SWALI: Kaka shikamoo. Mimi katibu wa kikoba huku Morogoro, akaunti yangu kwenye apu moja ya meseji imefungiwa ghafla, nimelalamika hadi leo kimya, na admini wa grupu nilikuwa mimi peke yangu. Mdogo wangu anasema tuhamie Matrix eti ile haina mwenyewe. Kweli au ananizuga?

JIBU: Marahaba dada. Hajakuzuga ila kachapia kidogo, wenyewe wapo, tena wengi, na hapo ndo penye raha yake. We cheki imeili: una Gmail, shangazi ana Yahoo, chuo kina seva yake (kompyuta inayopokea na kutuma meseji), na wote mnaandikiana bila kuulizana nani yuko kampuni gani, maana seva zote zinafuata utaratibu mmoja uliokuwepo tangu 1982. Apu nyingi za meseji haziko hivyo, bwana ni mmoja, ndo maana tarehe 4 Oktoba 2021 mafundi wa Facebook walivyoharibu kwao, WhatsApp na Instagram nazo zikazima dunia nzima karibu masaa sita.

Matrix nayo ni utaratibu wa meseji wa mtindo huohuo wa imeili, imeanza 2014. Anwani yake iko hivi, @katibu:matrix.org, mbele jina nyuma seva. Mwenyekiti anaweza kuwa seva nyingine kabisa na mkawa grupu moja, na mazungumzo yanahifadhiwa kwenye kila seva yenye mwanachama, kwa hiyo yako ikizima wenzako wanaendelea tu. Serikali ya Ufaransa nayo ilijengea humohumo apu ya watumishi wake, Tchap, 2019.

Sasa msikimbilie. Mkijisajili wote matrix.org mmerudi kulekule kwa bwana mmoja. Mwenye seva naye anaweza kukufungia, ila hapo unafungua akaunti kwingine wenzako wanakualika upya, mradi grupu lina admini mwingine. Na meseji za zamani zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa siri, akaunti mpya haitazisoma, so michango iandikeni kwenye daftari jamani, hata mimi nashangaa hela za watu zinakaaje kwenye chati! Halafu kama mnaishi kwa bando la mitandao ya kijamii, hii itakula MB za kawaida.

Anzeni watatu, wewe, mwenyekiti na mweka hazina, kila mtu seva yake na wote maadmini. Wengine waacheni kwanza walipo.