Kamanda Caffin na njaa ya Schull, 1847
Umeuliza kama ofisa wa majini wa Uingereza angeweza kutii amri na bado kuwatetea Waairishi waliokufa njaa viazi vilipooza. Angeweza. Februari 1847 Kamanda Caffin wa meli ya mvuke Scourge alishusha chakula Schull, kaunti ya Cork huko Ireland, kisha akazunguka vibandani na kasisi Traill (ambaye homa ilimuua Aprili hiyohiyo). Hakuasi, aliandika barua tu, nayo ikatoka kwenye gazeti la London, The Times: maiti, watu mifupa mitupu. Ila kushusha shehena hakukutosha. Mahindi ya Marekani yaliyoletwa kama msaada yalikuwa magumu mno, yalitaka kusagwa mara mbili na kupikwa muda mrefu. Yakiliwa mabichimabichi, tumbo lililokaa tupu lilisokota na kuhara.