Sikio linalolia kama nyenje

SWALI: Mhariri, mimi ni seremala wa miaka 52. Tangu mwaka jana sikio langu la kushoto linalia kama nyenje, hasa usiku taa zikizimwa. Je, vidonge vya ginkgo (dawa ya majani ya mti) na zinki vitanisaidia?

JIBU: Ndugu msomaji, okoa fedha zako. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 unashauri visitumike kwa tatizo hili, kwa kuwa tafiti hazijaonyesha nafuu ya kuaminika. Tena ginkgo huweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu kwa anayetumia aspirini au warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda). Kwa vile mvumo uko upande mmoja, nenda ukapimwe usikivu mapema, na kwenye msumeno wa umeme uvae vizibo vya masikio. Usiku, acha feni ivume ili sauti yake ifunike mlio huo.