Punje ya wastani

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Swali lako limenikuta barazani nachambua kahawa: "Mama, hali ya kwantamu ni kitu kilichopo kweli, au ni maarifa yetu tu?"

Hali hiyo ndiyo maelezo ya kihisabati ya chembe ndogo kama elektroni, yanayotupa uwezekano wa kila jibu la kipimo. Miaka yote niliyoshika chaki nilijibu kuwa ni maarifa tu. Jibu hilo lina raha yake. Unapopima, uwezekano mwingi hugeuka ghafla kuwa jibu moja. Kama ni maarifa, hakuna muujiza, umejua tu usichokijua. Hata yule paka wa kufikirika wa mwanafizikia Schrödinger wa 1935, anayesemwa yu hai na amekufa kwa pamoja, anapumzika.

Lakini tazama kahawa hii. Nina magunia mawili, la shamba la juu na la bondeni. La juu lina punje kubwa nyingi, la bondeni ndogo nyingi. Ila nikikupa punje moja ya wastani, huwezi kuapa imetoka wapi. Ndivyo maarifa yalivyo: kitu kimoja chaweza kuingia katika maelezo mawili.

Mwaka 2012 wanafizikia Pusey, Barrett na Rudolph walichunguza kama hali za kwantamu nazo huingiliana hivyo. Chukua chembe mbili, kila moja iandaliwe peke yake kwa njia moja kati ya mbili. Jozi zinakuwa nne. Sasa zipime kwa pamoja, kwa kipimo chenye majibu manne ambapo kila jozi ina jibu moja isiloweza kulitoa kamwe. Ikitokea chembe zote mbili ni punje za wastani, yaani kila moja yaweza kuwa ya njia yoyote kati ya mbili, kifaa hakijui jozi ni ipi, na jibu lolote kitakalotoa ni haramu kwa mojawapo. Mara moja moja kingevunja sheria za nadharia ya kwantamu. Basi kama nadharia ni sahihi, magunia hayachangii hata punje moja.

Hapo nikageuka, nimeshastaafu tayari (wanafunzi wangu wanisamehe). Ila siapi. Hoja yao inadai kwamba vilivyoandaliwa mbalimbali havina siri ya pamoja. Ukilikataa hilo, inalegea. Na akina Fuchs, wanafizikia wanaosema hali ni dau la mpimaji, yaani makisio yake mwenyewe, haiwagusi, maana wanakataa tangu mwanzo kwamba chembe imebeba sifa zinazoamua uwezekano wa majibu. Mimi hilo halinishuki kooni. Elektroni zikirushwa moja moja kupitia mianya miwili, mistari hujichora hata kama chumba hakina mtu. Dau la nani hilo?

Baba yako anauliza kama umeshakata tiketi ya Desemba.

Mama