Kuhusu Minnal Murali na mwanao wa miaka 8

Dada, nimekuelewa: mwanao anaililia filamu ya Minnal Murali, nawe huna hakika kama ni ya rika lake, wala kama kuna nyingine ya kutazamwa kwanza. Hilo la pili lisikusumbue. Hadithi inajitegemea, huanza na kuisha humo humo.

Ni filamu ya Kihindi cha kusini, kwa lugha ya Kimalayalam, iliyoongozwa na Basil Joseph, iliyotoka Netflix tarehe 24 Desemba 2021. Jaison, fundi cherehani wa kijiji kimoja cha jimbo la Kerala, India, anapigwa na radi na kupata nguvu za ajabu. Usiku huo huo radi inampiga pia Shibu, mfanyakazi wa mgahawa wa chai ambaye kijiji kizima kimemtenga. Watazamaji wengi walimsifu Guru Somasundaram aliyeigiza Shibu, nami naungana nao kabisa: unamwogopa huku unamlilia.

Na hapo ndipo penye tahadhari. Nusu ya kwanza ina vichekesho tele. Baadaye watu wanakufa, na kuna mwanamke anayeangamia kwenye moto. Mpwa wangu wa miaka 9 alilia sana pale, tukasimamisha tukazungumza kwanza.

Itazame peke yako kabla yake, kisha mkae pamoja mchana, si usiku. Mwambie wazi kwamba radi huua, asije akakimbilia nje mvua ikinyesha. Akianza kuota ndoto za kutisha wiki nzima, au akiogopa kulala, mpeleke kwa mshauri wa watoto.