Viinitete vya ng'ombe Arusha: anza na gesi

Vitabu vingi vya maabara vinasema hewa ya inkubeta, kabati la joto la kulelea viinitete, iwe na asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi. Kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu, hewa ni nyepesi, na asilimia 5 ileile inatoa kama milimita 30 za zebaki badala ya 35 za Dar es Salaam. Bikaboneti iliyomo kwenye midia, yaani majimaji ya kulelea viinitete, haijapungua, kwa hiyo pH yake (kipimo cha asidi) inapanda kwa karibu 0.08. Kwa kiinitete hilo si jambo dogo. Weka asilimia 6. Moshi iko chini zaidi, anza na 5.5.

Usitegemee namba ya kwenye kioo cha inkubeta peke yake. Mimina mililita 1 ya midia kwenye kichupa, legeza kifuniko, ilale ndani ya inkubeta usiku kucha kwenye nyuzi 38.5, kisha pima pH palepale. Ukikaa dakika chache gesi inatoroka na jibu linakudanganya. Tunatafuta 7.2 hadi 7.4. Midia yenye fenoli nyekundu, rangi inayobadilika kufuata pH, ikiwa na rangi ya chungwa lililoiva, vizuri; ikigeuka waridi, gesi haitoshi.

Midia tunayoipendekeza kwa anayeanza ni SOF (synthetic oviduct fluid), ile iliyotungwa mwaka 1972 kuiga majimaji ya mrija wa uzazi. Kwa lita 1: kloridi ya sodiamu gramu 6.29, kloridi ya potasiamu 0.53, fosfeti ya potasiamu 0.16, bikaboneti ya sodiamu 2.1. Kloridi ya kalsiamu, gramu 0.25 ya ile yenye maji mawili, iyeyushe pembeni na uitie mwisho kabisa, taratibu, huku ukikoroga. Ukiitia mapema inashikana na fosfeti, na chini ya chupa unaona ukungu mweupe kama maji ya wali. Chupa hiyo mwaga, usiichuje. Magnesiamu, lakteti na glukosi kidogo vinafuata kanuni ya kawaida ya SOF, pamoja na asidi amino na albumini. Pairuveti, chakula cha kiinitete, itie wiki ya kutumia, maana haidumu. Osmolaliti, kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka, iwe miliosmoli 270 hadi 280 kwa kilo.

Maji nayo yanahitaji uangalifu. Maeneo mengi chini ya Mlima Meru yana floridi nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi. Tumia maji yaliyosafishwa hadi ukinzani wa megaomu 18.2. Unapochuja kwa chujio la maikromita 0.22, mililita za mwanzo zitupe, kwani hubeba mabaki ya chujio.

Matone yawe ya maikrolita 50 chini ya mafuta ya madini, viinitete 20 hadi 25 kwa tone. Yafunike upesi: tone lililoachwa wazi kwa dakika chache linakauka pembeni na chumvi inapanda. Oksijeni iwe asilimia 5, nitrojeni ijaze iliyobaki.

Hesabu viinitete siku ya 2 na siku ya 7 baada ya kurutubisha, uandike hesabu zote mbili. Mayai yasipogawanyika kabisa, chunguza mbegu, mayai yenyewe na hatua ya urutubishaji kabla ya kulaumu midia. Yakigawanyika vizuri kisha yakasimama kwenye seli 8 hadi 16, hapo ndipo kiinitete kinapoanza kutumia jeni zake chenyewe, na kwa kawaida kosa liko kwenye pH, oksijeni au mafuta. Badilisha kimoja kwa wakati mmoja, ukianza na mafuta: chupa mpya, iliyokaa gizani.